Guelord na Wimbo wa Mizani

Tunawatangazia wakaaji wote wa Kolwezi, wenye masikio na wasio nayo, kwamba Guelord, mchimba mawe ya madini wa Kapata, amejifungua albamu ya rege. Baba na mtoto ni wazima, ila baba hatulii.

Kinachomsumbua ni wimbo wa tatu. Humo anamsema mzee mmoja, Tata Polycarpe, mnunuzi wa mawe, bila kumtaja jina: ni mwizi, anasema, na mizani yake ina njaa kuliko wachimbaji. Guelord aliuimba polepole, kwa uchungu. Mwenye studio akauongezea mwendo, gitaa tamu na sauti za wasichana, ili watu wa arusini nao waupende.

Wameupenda. Jumamosi ukapigwa kwenye arusi ya jirani. Guelord akaketi, akasimama, akatoka nje, akarudi. Hivi hakuna anayesikia maneno? Pasta anacheza! Wachimbaji wenzake, waliopunjwa na mizani hiyo juzi tu, wanacheza mpaka jasho.

"Yaya, tulia basi," mdogo wake Falonne akamwambia kaka yake. "Bantu beko banafurahi!"

"Banafurahia nini? Mi nililia mu studio!"

Mara akaja Tata Polycarpe mwenyewe, akikata kiuno, akamkumbatia. Kwetu mwanamuziki huwataja wakubwa katikati ya wimbo, na mkubwa asiyetajwa hujiona yatima.

"Mutoto yangu, wimbo iko muzuri sana! Lakini jina yangu haiko. Utaniweka lini?"

"Uko mu wimbo tayari, tata," Guelord akajibu. "Ule mwizi ni weye."