Mawe ya Sauna Mkiani mwa Trekta

Alikanyaga breki, wapi. Trekta ndogo iliendelea kuteremka kinyumenyume kuelekea mtaroni. Lempi Rautio aliposhusha koleo la mbele, likang'ata barafu, ndipo ikasimama. Ana miaka sabini na mbili, na hicho kiti tangu zamani kilikuwa cha mumewe, Urho.

Urho alikuwa hospitali mjini Hancock, amewekewa nyonga mpya. Leo Jumatano, kesho saa tano asubuhi gari la hospitali lingemrudisha, na dereva alishasema kwa simu, kwa adabu zote, kwamba akikuta kilima hakijasafishwa hapandi. Asipopanda, mgonjwa angepelekwa makao ya wazee, mwendo wa saa mbili, kitanda kipo. Lempi aliwajua walioingia pale eti kwa wiki mbili tu. Hakumjua hata mmoja aliyetoka.

Reino, jirani yao wa bondeni, alikuja kwa mguu na mkongojo wake, maana gari lake la kusukumia theluji lilikufa injini tangu Krismasi. Akasimama chini ya kilima akitazama.

"Shemeji, hiyo ni trekta au sleji ya kutelezea thelujini?"

"Cheka tu. Minyororo ya matairi nimefunga, magurudumu yote manne yanavuta, na bado inateleza."

"Umefunga wapi?"

"Bandani, jana."

"Bandani kuna jiko. Huku nje upepo wa matairi umesinyaa kwa baridi, minyororo imelegea. Hebu ona ilivyochubua madigadi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lempi alitandika gunia juu ya theluji akalala chali, akajaza upepo, akakaza minyororo, akaendesha hatua chache, akashuka akakaza tena. Vidole vilikufa ganzi. Reino alishika chupa ya kahawa na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Safari hii trekta ilifika nusu ya kilima. Lakini kila alipoinua koleo likiwa limejaa, uzito wote ulikwenda mbele, mkia ukawa mwepesi, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure.

"Hujaweka mzigo nyuma," Reino akasema. "Lile sanduku la chuma la mkiani, Urho hulijaza nini?"

"Mchanga."

Kila Oktoba Urho huujaza mchanga kwenye magunia na kuuweka bandani. Oktoba iliyopita alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye ngazi, na mchanga ukabaki nje. Lempi aliupiga sururu, sururu ikadunda. Ulikuwa umeganda kwa baridi ukageuka jabali.

Akaketi juu ya lundo lile, akawaza. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaingia sauna, chumba chao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto.

Reino alipomfuata alimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, anachomoa mawe. Basi utani ukamwishia pale pale. Mawe yale Urho aliyaokota moja moja ufukweni mwa ziwa, akayapanga mwenyewe, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuyagusa. Jumamosi bila sauna, kwa watu wa huku, ni Jumamosi gani hiyo?

"Lempi. Hapana."

"Nishikie ndoo."

"Urho atakuua."

"Akiniua, atakuwa yuko nyumbani."

Reino akashika ndoo. Zilikuwa ndoo kumi na nane, na mzee wa miaka themanini alibeba sita bila kulalamika, jambo ambalo si kawaida yake. Sanduku likajaa. Lempi akaondoa trekta polepole, minyororo ikauma barafu, trekta ikapanda mpaka mlangoni bila kusita hata mara moja. Akacheka peke yake kitini.

Usiku theluji ikaanguka tena. Alfajiri akaisukuma yote upya, akanyunyiza majivu ya jiko kwenye kona mbaya.

Saa tano kasorobo gari likaonekana bondeni. Likapanda. Halikuteleza hata shubiri. Lempi, pale dirishani, akashusha pumzi aliyoibana tangu Oktoba, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Urho alishuka na fremu yake ya kutembelea. Hakumsalimu mtu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye trekta. Akatazama minyororo, akaitingisha. Akazunguka nyuma, akachungulia sandukuni.

"Haya ni mawe yangu."

"Ndiyo."

"Umeyapanga?"

"Nimeyatupa tu humo."

Akatikisa kichwa. Akatazama kilima chote, kutoka barabarani mpaka mlangoni, kilivyosafishwa ukingo kwa ukingo.

"Usiyaguse," akasema. "Mpaka theluji iyeyuke Mei, tutaoga kwenye beseni."

Kisha akaiacha fremu pale pale kwenye theluji, akamshika mkewe bega, wakaingia ndani.