Viatu vya marathoni alivyoninunulia mama kwa kipimo cha kamba, na yaliyonikuta Makobola

Wakuu, habari za muda huu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Juzi nimeona mnabishana kuhusu viatu vya marathoni, huyu soli nene, yule soli nyembamba, nikasema ngoja nami nitoe yangu. Chumvi sitaongeza. Kucha ya kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto haijarudi vizuri mpaka leo, huo ndio ushahidi wangu.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Rugenge hapa Uvira.

Nilianza kukimbia baada ya baba kufariki. Sikupanga. Asubuhi moja nilitoka kununua mkate, nikalipita duka, nikaendelea kutembea, halafu miguu ikaanza kukimbia yenyewe, nimevaa ndala. Nilirudi bila mkate, lakini usiku wa siku ile nililala, na nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima.

Kuna wakati wa alfajiri kwetu ziwa na mbingu bado havijaachana. Milima ya Burundi ng'ambo haionekani, ni weupe tu. Unakimbia kuelekea kusini, ziwa kushoto, milima yetu kulia, na ukishapita kilomita nane hivi husikii tena kama una mwili. Unakuwa mtu aliyelala macho wazi. Mara nyingine nilikuwa namsikia baba akikohoa nyuma yangu, kile kikohozi chake cha kujulisha watu kwamba anaingia. Sikugeuka hata mara moja, nilijua nikigeuka kitaisha.

Mnicheke tu. Wanaokimbia mbali wananielewa.

Sasa mama.

Mama yangu anaishi Makobola, kijiji cha ufukweni kwenye barabara ya Fizi. Analima mihogo na kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Yeye hakuipenda habari hii ya kukimbia hata kidogo. Aliona msiba umenipanda kichwani. Mara ya kwanza nilipofika kwake kwa miguu kutoka mjini, nimelowa jasho, aliniuliza swali moja:

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna mutu, mama."

"Basi juu ya nini unakimbia?"

Kuanzia siku ile hatukuongea tena habari hiyo. Miaka miwili. Nikifika kwake nakimbia, ananipa maji na kutazama pembeni. Iliniuma sana, kwa sababu ni mtu mmoja tu duniani niliyetaka anielewe.

Wakati huo nilikuwa na jozi moja ya mitumba, sisi tunaita caguwa. Ilikuwa imechoka. Barabara yetu ina sehemu nyingi zilizoinama kuelekea ziwani, na mimi nilikuwa na ugonjwa wa kukimbia upande wa ziwa tu, kwenda na kurudi, nisipoteze ule weupe. Soli zikaisha upande. Ukiviweka juu ya meza vilikuwa vimelala kama watu wawili wanaotegeana sikio. Goti likaanza kuniuma.

Halafu sisi wakimbiaji wachache wa mjini tukakubaliana kuandaa marathoni yetu wenyewe. Tunaanza Kavimvira, karibu na mpaka, tunashuka hadi Makobola, tunazunguka pipa lililopakwa chokaa, tunarudi. Haina medali wala bango. Pipa lenyewe likawekwa hatua chache kutoka mlangoni kwa mama.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya mbio nililala kwake Jumamosi. Alfajiri nikaota mdudu anatembea kwenye unyayo wangu, kutoka kisigino hadi kidoleni, polepole, anasimama, anarudi. Nikajikunja nikaendelea kulala. Ndoto ikaishia hapo.

Baada ya wiki mbili jirani yake, Mama Neema, anayepeleka samaki sokoni, akagonga kwangu Rugenge na mfuko mweusi. "Mama yako anakutumia."

Ndani kulikuwa na viatu vya kukimbia. Vya buluu, soli nene nyeupe, vimeoshwa mpaka kamba zake. Na ndani ya kiatu cha kushoto, kipande cha kamba ya wavu wa kuvulia, kimekatwa sawasawa na urefu wa mguu.

Nikajua yule mdudu alikuwa nani.

Wa vijijini mnaujua utaratibu huu. Mtu wa mbali akitaka kumnunulia mtoto kiatu, anapima mguu kwa kamba au kijiti, anampa anayekwenda sokoni, naye anaingiza kipimo ndani ya kiatu. Kikienea, biashara imekwisha. Mama alinipimia mguu hivyo hivyo nikiwa darasa la kwanza. Sasa alikuwa amenipimia nikiwa na miaka thelathini na minne, kwa siri, nimelala, kwa sababu kuniuliza kungekuwa kukubali kwamba tulikosana.

Nililia wakuu, sifichi. Nilimpigia mama simu papo hapo.

"Vinakuenea?" mama akauliza.

Nilikuwa bado sijavivaa. Nikajibu, "Vizuri kabisa, mama. Kama vilikatwa juu yangu."

"Basi nitakuona navyo pale kwenye pipa."

Nikakata simu, nikavaa. Nikiwa nimekaa, sawa. Nikasimama, vidole vikagusa mbele. Nikashuka ngazi tatu za nyumba, kidole gumba kikapiga hodi.

Nikajiambia vitapanuka. Hapo ndipo kosa langu lilipo.

Nikavipeleka Kavimvira kwa Papa Amisi, muuza viatu vya caguwa aliyemuuzia Mama Neema. Mzee wa maneno machache, anabonyeza soli kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Nikamwonyesha ile kamba. Akaniuliza ilipimwa vipi, nikamweleza. Akacheka mpaka akatoa kofia.

"Dada, mama yako alipima muguu yenye kulala! Muguu yenye kulala iko ndogo. Muguu yenye kukimbia inapanuka, inaenda mbele. Na tena asubuhi! Muguu inapimwa mangaribi, umesimama, umevaa soksi, umeisha kuchoka. Mbele unaacha nafasi ya kidole gumba cha mukono."

"Havitapanuka?"

"Kiatu ya caguwa iliisha kupanuka juu ya muguu ya mwenyewe wa kwanza. Haitapanuka tena juu yako."

Akanitolea jozi nyingine, ya kahawia, sura mbaya, imefifia. Akanikataza kuvijaribu juu ya mkeka. "Nenda mu barabara." Nikakimbia hadi karibu na kizuizi cha mpaka na kurudi. Wakuu, sijui niseme nini. Niliisahau miguu yangu. Ule usingizi wa macho wazi, ambao huwa nauhangaikia kilomita nane, ulikuja ndani ya hatua hamsini.

Akakubali tubadilishane bila nyongeza.

Nikavivua, nikamrudishia. Nikabeba vya buluu nikaondoka. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akikataa maji.

Najua wataalamu wa humu mtanishukia. Lakini jiwekeni kwangu. Mama amenyamaza miaka miwili, halafu siku anayofungua mlango, mimi nimwambie mlango ni mfupi? Na nilikuwa nimeshasema vinaenea. Niliogopa kwamba nikivikataa, atarudi kwenye ukimya wake na safari hii hatatoka.

Mazoezi nikaendelea na vile vya zamani vilivyolala upande. Vya buluu nikaviweka kwenye mfuko wake, kwa ajili ya siku yenyewe, kama nguo ya misa.

Siku ikafika. Tulikuwa watu kama ishirini, alfajiri, ukungu umefunika mpaka huwezi kuona maji. Tukaanza polepole. Kilomita kumi za kwanza nilikuwa katika ndoto yangu, nikasema kumbe Papa Amisi alikuwa ananitisha tu.

Tulipopita mji, miguu ikavimba. Kila mteremko mdogo, vidole vinagonga ukuta. Nikaanza kukunja vidole, kisha kukanyaga kwa kisigino, kisha kwa pembeni. Kilomita ya kumi na nane soksi ya kushoto ilikuwa na unyevu ambao haukuwa jasho. Ndoto ikakatika. Baba sikumsikia siku hiyo.

Nikapanga hivi: nifike kwenye pipa, nitabasamu, mama avione, nizunguke, na nikishapotea machoni mwake nikae chini mbio zangu ziishie hapo.

Makobola ukungu ulikuwa unafunguka. Mama alikuwa amesimama kando ya pipa, kitenge cha Jumapili. Nikatabasamu kutoka mbali. Yeye hakutabasamu. Hakuangalia hata rangi ya viatu. Alikuwa anaangalia ninavyoweka mguu chini. Mama amebeba mihogo mgongoni maisha yake yote, anajua mtu anayetembea na maumivu.

"Simama."

"Mama, niko mu mbio."

"Nasema simama. Ikala hapa. Leta muguu."

Nikakaa juu ya jiwe. Akanivua kiatu cha kushoto mwenyewe. Soksi ilikuwa nyekundu mbele.

"Inakuuma tangu wapi?"

"Tangu kule mujini."

"Hapana. Tangu siku gani?"

"Tangu siku ile uliniletea."

"Na weye ulisema vinakuenea."

"Niliogopa utanyamaza tena, mama."

Alichomoa kisu chake kidogo cha mihogo kwenye mkunjo wa kitenge, akashika kiatu cha buluu, kile alichokiosha kwa mikono yake.

Nikapiga kelele, "Mama, hapana!"

"Kiatu iko ya nani? Mimi njo nilinunua. Mimi njo nakata."

Akakata mbele, nusu mwezi, akatupa kipande. Akafanya na cha kulia. Akapasua ncha ya kitenge chake, akafunga vidole vyangu, akanivisha. Vidole vikatoka nje vikapigwa na upepo wa ziwa, na wakuu, ule ubaridi naukumbuka mpaka sasa.

Akafunga kamba za viatu kama alivyonifungia nikienda darasa la kwanza, mafundo mawili. Halafu akanisukuma mgongoni.

"Kimbia. Hakuna mwenye anakufukuza. Kimbia tu."

Nusu ya pili nilikimbia kama ninaelea. Sisemi haikuuma, iliuma. Lakini maumivu yalikuwa yangu, siyo ya kuficha. Ziwa lote lilikuwa limefunguka, milima ya ng'ambo imesimama wazi, na karibu na mji nikasikia kikohozi nyuma yangu. Safari hii niligeuka. Barabara ilikuwa tupu na jua limejaa, na sikusikitika.

Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho. Pale Kavimvira hata wabadilisha pesa walisimama kuangalia vidole vyangu.

Funzo langu ni dogo. Pima mguu jioni, umesimama, umechoka. Kiatu cha siku ya mbio kikimbie kwanza siku za kawaida. Pande za barabara ubadilishe. Na anayekupenda akikuuliza kama kinaenea, mwambie ukweli kabla ya kilomita ya kumi na nane.

Wiki iliyofuata mama alipanda hadi Kavimvira, tukaenda pamoja kwa Papa Amisi. Vile vya kahawia vilikuwa bado vipo, nani angevitaka kwa sura ile. Mama akabonyeza soli, akaingiza ile kamba yake, akaona nafasi iliyobaki mbele, akatikisa kichwa kukubali. Nikavivaa.

Leteni na zenu wakuu, mliovaa vya kubana kwa ajili ya mtu, na wanaojua dawa ya kucha. Mimi nawaachia alichosema mama pale dukani, mtu aliyetazama pembeni miaka miwili. Alivuta kigoda, akakigeuza kuelekea barabarani, akakaa.

"Kimbia kidogo," akaniambia, "nikuone."