Siku Nilipomwotesha Moto Marehemu

Mpaka leo nikipita sokoni Makambako kuna watu wananiuliza, "Mwalimu, umeota moto leo?" na mimi nacheka nao, nifanyeje, aibu yenyewe niliitangaza kwa kinywa changu na tena kwa kipaza sauti, kwa hiyo siwezi kusema nimesingiziwa. Acheni niwaeleze taratibu, maana ukisikia mwisho wake tu utadhani siku ile nilikuwa na homa.

Kuna mfululizo mmoja wa riwaya za falme na majoka na milima ya barafu, vitabu kumi na viwili, kila kimoja kinene kama tofali la kuchoma. (Msiogope unene. Wanafunzi wangu huwa nawaambia kitabu kinene kinasomwa kama shamba linavyolimwa, unamaliza tuta hili unaingia lile, na siku moja unainua kichwa unakuta umefika kwenye mpaka wa jirani.) Nilivisoma vyote. Nilisoma nikingoja gari, nikingoja maharage yaive, na mara moja nikiwa nasimamia mtihani wa majaribio, lakini hilo mkuu wa shule asilisikie. Basi iliposemekana kwamba wanavitengeneza kuwa tamthilia, nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi, na kila niliyekutana naye nilimweleza, atake asitake.

Wakati huohuo nilikuwa nachumbia. Mchumba wangu alikuwa Edina, na baba yake, Mzee Mgaya wa Njombe, ni mkulima wa chai na mzee wa kanisa, mtu mwema sana lakini maneno anayatoa kama anayakopesha. Mara za kwanza nilipokwenda kusalimia, tulisema "Kamwene," akaitika "Kamwene," halafu tukakaa wawili tukiangalia mkaa kwenye jiko mpaka ukawa majivu. Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikaanza kumsimulia kitabu cha kwanza. Jamani! Mzee alisogeza kiti. Aliuliza maswali. Alimpenda hasa mtu mmoja aitwaye Torvan, mzee mtunza moto wa ngome, ambaye usiku na mchana anachochea moto usizimike, kwa sababu ukizimika ufalme wote unaganda. "Huyo ni mtu," alisema Mzee Mgaya. "Wengine wote hao ni makelele."

Kuanzia hapo kila nikifika, kabla hajaniuliza habari za wazazi wangu, ananiuliza, "Torvan hajambo?"

Sasa hapa ndipo ilipo ile hatua moja ndogo iliyonitumbukiza. Torvan anakufa. Anakufa kitabu cha pili, vibaya, kwa mshale. Tulipofika kwenye kitabu cha pili, Mzee akaniuliza, "Torvan hajambo?" nami nikaangalia uso wake, nikakumbuka kwamba posa yangu iko mezani kwake na jibu bado, nikasema, "Hajambo, baba. Anakusalimu."

(Ile salamu ilitoka wapi sijui. Ilitoka tu.)

Nikaendelea kumsimulia hivyo hivyo, vitabu vyote vilivyobaki, nikimtembeza marehemu humo ndani. Vita inapiganwa, Torvan anachochea moto. Malkia anakimbia, Torvan anachochea moto. Nilijipa moyo kwamba tamthilia itakwenda polepole, na mpaka ifike kwenye kitabu cha pili mimi nitakuwa nimeshaoa na nina watoto.

Mshenga wangu alikuwa Sanga, mtu mzima mwenye heshima zake na mwenye kibanda umiza pale Makambako, pale vijana wanapoangalia mpira. Sehemu ya kwanza ilipotoka, akaniambia, "Mwalimu, Jumapili baada ya ibada tunaionyesha, na wewe utatafsiri." Mnajua watu wetu walivyozoea, filamu ya Kizungu bila mtu wa kuitafsiri kwenye kipaza sauti ni chai bila sukari. Nikakubali. Akaniuliza kama nataka kuiangalia kwanza peke yangu nijiandae. Nikasema, nijiandae nini, mimi nimesoma vitabu vyote! Tena nilitaka kuiona pamoja na watu, nifurahi nao.

Jumapili ikafika, kibanda kimejaa mpaka mlangoni, na nani anaingia akiwa na suti ya kanisani na kofia yake? Mzee Mgaya, ametoka Njombe pamoja na Edina. Sanga akampa kiti cha mbele. Mzee akanipungia mkono, na akaniambia mbele ya watu wote, "Nimekuja kumwona Torvan."

Robo tatu ya kwanza nilitafsiri kama malaika. Torvan alipotokea, na ndevu zake na kuni zake, Mzee Mgaya alipiga makofi, kibanda kizima kikapiga naye. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Nyie mliosoma vitabu virefu mnawajua watu wa filamu. Hawana subira. Wanachukua jambo la mbele wanalileta nyuma ili watu washtuke. Nikaona mpiga mishale anapanda ukutani, mpiga mishale ambaye kwenye kitabu cha kwanza hata hajatajwa.

Mshale ukatoka. Torvan akaanguka.

"Amejikwaa," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Mwalimu, mbona ana mshale kifuani?" kijana mmoja akauliza.

"Umempata begani, kidogo tu. Anapumzika."

Malkia akapiga magoti, analia machozi mpaka kidevuni. Nikasema anamwambia pole na kazi. Wakamfunika uso kwa shuka. Nikasema wanamkinga na mbu, na mtu akapiga kelele, "Mbu kwenye barafu?" Halafu, ndugu zangu, wakapanga kuni, kuni nyingi kama za harusi, wakamlaza Torvan juu yake, na malkia akachukua mwenge akawasha.

Wote wananigeukia mimi.

"Wanamwotesha moto," nikasema. "Mnajua tena baridi ya kule."

Mama mmoja nyuma akasimama. "Mwalimu, mimi kwetu Matamba! Baridi naijua! Lakini hatuoti hivyo!"

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mimi nilikuwa namwangalia mtu mmoja tu. Mzee Mgaya alisimama, akavua kofia, na kicheko kikazimika.

"Mwalimu. Huyo mtu amekufa."

"Ndiyo, baba."

"Na kwenye vitabu?"

"Kitabu cha pili, baba."

"Na salamu zake ulikuwa unaniletea kutoka wapi?"

Akavaa kofia, akatoka. Edina akamfuata, lakini alipopita karibu yangu alinong'ona, "Mwaka mzima umemkalisha baba na maiti!" na sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote viwili. Nikamgeukia Sanga nikasema, "Kaka, posa imekwisha," na hilo nalo likatoka kwenye spika za nje mpaka sokoni, maana kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika. Kibanda kizima kikaitika, "Pole, mwalimu!"

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kisha Sanga akaja na ujumbe kutoka Njombe: Mzee anasema msiba una utaratibu wake, na yeye hajaletewa msiba huu kwa utaratibu, aliuona kwenye ukuta kama tangazo la sabuni. Twende tukamwambie.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tulikwenda, mimi na Sanga, tumevaa makoti. Tukakaribishwa, tukala viazi na maharage, kwa sababu mtu hapewi habari ya kifo akiwa na njaa. Tuliponawa mikono, Sanga akakohoa, akasema kwa sauti ile ya msibani kabisa, "Baba, tumekuja na neno zito. Kijana wako atalisema."

Nikasema, "Baba, Torvan hatunaye."

Mzee akainamisha kichwa. Akauliza alikufaje, kama aliteseka, kama aliacha neno, na moto nani anautunza sasa. Nikamweleza yote bila kuruka kitu, kwamba aliacha neno, na kwamba moto unatunzwa na mjukuu wake wa kike. Ndani mama yake Edina alikuwa akicheka kwa kujiziba mdomo na khanga, tulimsikia.

"Haya," akasema Mzee. "Sasa niambie kama kuna mwingine amekufa ninayemfahamu."

Nikamwangalia Sanga. Sanga akaangalia dari.

"Baba," nikasema, "tukae vizuri." Nikaanza kuwataja wote niliokuwa nimemwachia hai. Nahodha, amekufa. Mapacha, wote wawili. Chai ikapoa, nami bado nazika watu.

"Malkia?"

"Malkia naye, baba. Mwishoni kabisa."

"Hata farasi wake?"

"Farasi yupo."

"Usinidanganye."

"Kweli, baba. Farasi anafika salama."

"Mimi binti yangu atakuwa mbali na mimi, huko Makambako," akasema. "Ataumwa, atajifungua, atapata shida kama watu wote. Nataka mkwe ambaye nikimwuliza Edina hajambo, atanijibu ilivyo. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

"Basi mchukue."

Tulifunga ndoa, na nimejifunza kwa gharama ya jina langu sokoni: mtu akikuuliza hali ya mtu, awe wa kitabuni au wa nyumba ya pili, mkalishe, mlishe, umwambie. Wiki iliyopita nilimpigia Mzee kumwambia Edina ana mafua. Akanishukuru sana, akanipa pole, halafu akaniuliza kama wale watu wa filamu nao wanajua kwamba farasi anafika salama. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa watu wale siwezi kumwahidi kitu.