Mwezi wa Kuja Trogir

Nediljka aliamini kwamba duniani hakuna mji mzuri kama Trogir, na kwamba katika mwaka hakuna mwezi hata mmoja unaofaa kuutembelea.

Jambo hilo halikumsumbua mpaka dada yake Tonka alipopiga simu kutoka Australia, alikoolewa akiwa msichana na asirudi tena.

"Magoti yamekwisha, mdogo wangu," alisema Tonka. "Daktari anasema nikipanda ndege ni ndani ya mwaka mmoja, baada ya hapo basi. Nije lini?"

Nediljka akaahidi kumjibu, akaenda kuulizia.

"Agosti," alisema jirani yake Perina, akiendelea kuanika mashuka.

"Agosti nalala ghalani, shoga. Chumba wanacho Wajerumani."

"Watoe."

"Nitawatoaje? Wamekwisha nunua na mapazia yao."

Agosti kila mwenye nyumba aliwapangisha watalii vyumba vyake, akalala ghala la chini, kati ya pipa la divai na mitungi ya mafuta, akisikiliza nyayo za wageni juu ya kichwa chake. Kumwita dada kutoka upande wa pili wa dunia aje alale chini ya miguu ya Wajerumani kungekuwa aibu.

Kinyozi Jere alipendekeza Februari. "Mji mtupu, dada. Raha mustarehe."

"Atamkuta nani?"

"Mimi."

"Wewe Februari unafunga, unakwenda kwa mwanao."

"Basi hatamkuta mtu. Si ndiyo raha yenyewe?"

Aprili nyumba zote zinanuka rangi mbichi ya kungojea wageni. Juni watalii wamejaa, huwezi kufika sokoni bila kupigwa picha. Oktoba ndiyo ingefaa, lakini Oktoba huja jugo, upepo wa kusini wenye unyevu na maumivu ya kichwa, na sasa ilikuwa Oktoba na jugo linavuma. Jugo likivuma, watu wa Trogir hawaamui neno. Jere hamnyoi bwana harusi. Perina hatii mkasi kwenye kitambaa. Hata ugomvi wa siku hizo hauna mwenyewe: ulichosema umesemeshwa na upepo, na ukikoma mnasalimiana kama kawaida.

Tonka akapiga tena. "Umeamua?"

"Siwezi. Jugo linavuma."

"Na lilipokuwa halijaanza?"

"Nilikuwa bado nafikiri."

"Basi naamua mimi. Huku Perth hakuna jugo."

"Wewe ni wa hapa! Jugo lako ni hili hili."

Tonka akauliza kwa sauti ndogo, "Nedi, kwani hutaki nije?"

Nediljka alitaka. Alichoogopa ni ile siku watakapoketi meza moja, na mazishi ya mama yao yakaketi katikati yao. Neno hilo alikuwa amelimeza miaka mingi, na hakujua mwezi wa kulitema. Akatazama dirishani. Bahari ilikuwa ya kijivu, nguo za Perina zinapepea kama zimepagawa.

"Panda ndege sasa hivi," akasema. "Kabla jugo halijakoma."

Perina alipiga ishara ya msalaba. Jere alisema kichwa cha huyu mama kimeingia maji.

Tonka alifika amelowa, akichechemea. Hajavua koti, Nediljka akaanza.

"Hukuja kumzika mama!"

"Uliniambia lini? Barua ilifika mama yuko kaburini!"

"Nilikuwa nalia, ningeandikaje?"

"Na mimi nililia peke yangu, nchi ya watu!"

"Ongezeni sauti," Perina aliita kutoka dirisha lake, "wengine hatusikii!"

Waligombana juma zima, wakila, wakiosha vyombo, wakilia, wakigombana tena. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba upepo utatulia jioni. Ndugu hao wakatazamana kwa hofu.

"Una lingine?" aliuliza Nediljka.

"Lipo la sahani za bibi."

"Haya, sema upesi."

Tonka akavuta kiti, akainua mguu wa goti bovu, akauweka juu ya mapaja ya mdogo wake, akaanza.