Gongo la Don Ulises

Leoncio Frías aliishi siku sita kwa mikate na siku moja kwa besiboli, na hiyo siku moja ndiyo iliyomnyima usingizi. Mikate yake ilisifiwa mtaa mzima. Besiboli yake, tangu Pasaka, ilisifiwa na warushaji wa timu pinzani tu.

Tatizo lilikuwa gongo lake la kupigia mpira, na mji wote wa San Pedro ulilijua hilo; yeye tu alijifanya halijui. Lilikuwa gongo la baba yake, Don Ulises, ambaye enzi zake akiwa kwenye kiwanda cha sukari aliipiga mipira ikapotelea kwenye miwa. Nene, zito, jeusi kwa jasho la miaka. Mzee alipochoka alimkabidhi mwanawe mbele ya watu, na kwao San Pedro, ukikabidhiwa gongo mbele ya watu umekabidhiwa jina. Leoncio alikuwa mwembamba kama mama yake. Lakini angeanzaje kumwambia baba kwamba jina lake linamlemea?

Jumatano Bembo alikuja kununua mkate. Bembo alikuwa nahodha wa timu ya waokaji na rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto.

"Kaka, Jumapili tunakutana na makuli wa bandarini," alisema. "Nakupa mechi hiyo. Usipopiga, nafasi yako nampa shemeji yangu."

"Shemeji yako? Yule anayekimbia kama bata?"

"Bata ni bata, lakini anaugusa mpira."

Leoncio alicheka, kisha uso ukamshuka. Bila Jumapili, maisha yake yangebaki tanuri na unga, na alijua kabisa kwamba asingeyaweza.

Jioni hiyo alikuwa akifagia uani huku amenuna. Mkewe, Nereida, alimtazama, akainama, akaokota kizibo cha dumu la maji. Mitaani kwao kizibo na mpini wa ufagio ni mchezo kamili, nao wanauita vitila. Kizibo kikirushwa na mjuzi hupinda hewani kama nzi aliyelewa, na katika ujana wao hapakuwa na mrushaji kumshinda Nereida. Vijana wote wa mtaa aliwaaibisha. Mmoja tu ndiye aliyeweza kukipiga kizibo chake, na huyo akamwoa.

"Haya, jitetee!" akasema, akarusha.

Leoncio aliugeuza ufagio bila hata kufikiri. Kizibo kikapita juu ya paa. Nereida akaokota cha pili, akakirusha, kikafuata njia ileile. Cha tatu kikamgonga kuku wa jirani, na jirani akatukana.

Nereida alishika kiuno. "Umeona? Ufagio wangu unapiga vizibo. Gogo la baba yako linakupiga wewe."

"Ni la baba, Nereida."

"Basi apige baba! Uchukue huo ufagio na hilo gogo, twende kwa Mama Vinda."

Mama Vinda alikuwa mchonga magongo, mama mnene mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope. Leoncio alipoingia tu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye gongo nene kuliko yote.

"Weka hapo," Mama Vinda alisema. "Unataka kupiga mpira au kujenga nyumba? Lete huo ufagio."

Aliupima mkononi, akacheka hadi akakohoa. Kisha akachagua magongo matatu membamba na kuyaelekeza kwenye mwanga, akifuata mistari ya mti kwa kidole. La kwanza mistari yake ilikimbilia pembeni, akalirudisha. La pili aliligonga kwa kifundo cha kidole, likajibu kama chungu chenye ufa. La tatu liliimba.

"Shika mwisho wa mpini, mkono mmoja, unyooshe. Sasa ongea."

"Niongee nini, mama?"

"Chochote. Mseme Bembo."

Hilo halikuhitaji mazoezi. Leoncio alimsema Bembo, akamsema shemeji yake, akaisema miguu ya shemeji mmoja baada ya mwingine, na mkono haukutetemeka. Mama Vinda akampa gongo la Don Ulises ajaribu vilevile. Kabla hajafika kwa shemeji, sauti ilikuwa imekatika kwa uzito wake.

"Gongo linalokunyamazisha si lako," alisema Mama Vinda.

Jumapili Leoncio alikwenda uwanjani na magongo yote mawili. Don Ulises alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia magotini. Leoncio alipomwona tu, ujasiri ukamtoka, akachukua lile zito. Akalizungusha mara tatu, na mara zote tatu mpira ulikuwa umeshampita, zamu yake ikaisha.

"Mwoka mikate!" akapiga kelele mrushaji wa makuli. "Unga wako haujaumuka!"

Zamu ya pili mambo yakawa yaleyale. Ikafika zamu ya mwisho, waokaji wamepitwa kwa pointi moja, wenzao wawili wakisubiri kwenye vituo vya njiani mpira upigwe wakimbie. Shemeji yake Bembo alianza kufunga kamba za viatu. Leoncio aliinua macho jukwaani. Nereida alikuwa amesimama, ameinua ufagio juu ya vichwa vya watu.

Leoncio akarudi pembeni, akalilaza gongo la baba yake taratibu, akachukua lile jembamba. Makuli wakaangua kicheko.

"Utapiga au utafagia uwanja?"

Akapiga. Mpira ulikwenda chini chini, mkali, ukapenya kati ya walinzi wawili, ukabingirika hadi kwenye uzio. Wenzake wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, na waokaji wakashinda kwa moja. Bembo alilia waziwazi, na shemeji akavua viatu. Leoncio akaruka kwa furaha.

Kisha akamwona baba yake anakuja polepole na fimbo yake, na furaha ikasita. Mzee alichukua gongo jipya, akaligeuza geuza.

"Jepesi," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Lile gogo sikulichagua mimi. Kiwandani lilikuwa hilohilo moja, timu nzima tukipokezana. Mabega haya yananiuma mpaka leo."

"Mbona ukanipa, baba?"

"Sikuwa na kingine cha kukupa, mwanangu. Ukalipokea kwa furaha vile. Ningesemaje?"

Jioni walikula kwa Nereida mchuzi mzito wa nyama, mihogo na ndizi. Gongo la zamani liliwekwa kuzuia mlango wa uani, ambao miaka yote ulipigwa na upepo, na mlango ukatulia. Don Ulises aliwahi mfupa mkubwa kuliko yote, akaufuta vizuri, akalaza gongo jipya mapajani. Akaanza kulisugua kwa mfupa, juu na chini, kama wapigaji wa San Pedro wanavyofanya ili mti ukaze na usipasuke.

"Lete nisugue mimi, baba," alisema Leoncio.

"Wewe kula," alijibu mzee. "Hili nitakukazia mimi."