Mzee Hamira Asafiri Peke Yake

Mtaani walimwita Mzee Hamira, kwa kuwa alikuwa mwoka mikate tangu ujana wake, na kwa kuwa hasira zake nazo zikishaumuka, zimeumuka. Kusafiri peke yake hakuwahi. Enzi za uhai wa mkewe, mke ndiye aliyekata tiketi na kuuliza njia. Yeye alifuata nyuma kama mkia.

Ilipokuja habari kwamba dada yake mkubwa, anayeishi mji wa mbali, amepasuliwa jicho, binti yake alimwambia, "Baba, subiri kaka apate ruhusa kazini akusindikize."

"Mama alipotutoka, dada alinibeba mgongoni. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Nakwenda."

Binti alimjua baba yake, hakubishana. Alimketisha kando ya tanuri akamfunda. Pesa zisikae mfuko mmoja. Namba ya shangazi aikariri, maana simu ni chombo, huharibika. Na mtu akimjia stendi akidai katumwa, asiondoke naye kabla ya kuisikia sauti ya shangazi mwenyewe. Mzee aliikariri ile namba huku akikanda unga, mpaka wafanyakazi wake nao wakaijua.

Safarini ulimi ukamponza. Kelele za mashine ya kukandia zilikuwa zimemtia uzito wa masikio, na mwenye masikio mazito huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Basi zima likajua kwamba dada ni mshonaji, kwamba jicho limefungwa bendeji, kwamba mpwa atakuja kumpokea. Kisha simu ikaisha chaji.

Aliposhuka tu, jamaa mmoja mtanashati akamwamkia, "Shikamoo, mjomba! Mpwa wako kabanwa na kazi, kanituma nikuchukue. Mama mshonaji anakungoja kwa hamu, na lile jicho lake."

"Marahaba, mwanangu!" Moyo wa mzee ukayeyuka kama siagi. Akapiga hatua kumfuata. Kwenye ya pili akasita.

"Ngoja niongee na dada kwanza."

"Utaongea naye huko huko, mjomba. Gari nimeliegesha vibaya, nitapigwa faini."

"Faini ni yako, dada ni wangu. Ngoja."

Jamaa akaukamata mkoba wa mzee akauvuta. Hapo alikosea, kwani mikono iliyozoea kukanda magunia ya unga haipokonywi kitu kirahisi. Mzee aliung'ang'ania, akapaza sauti: "Huyu mtu simjui! Ananinyang'anya mkoba!"

Watu wakageuka. Jamaa akacheka, akasema mzee wa watu kachanganyikiwa, lakini mkono aliutoa.

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi. Aibu ya kukaribia kuingizwa mjini ilimchoma, ila hakusimama.

"Mama, naomba unisaidie simu. Namba ninayo kichwani."

Mkata tiketi akaibonyeza akimsikiliza. Dada akapokea, na kabla ya salamu akafoka, "Uko wapi wewe? Mwanangu yuko hapo getini tangu asubuhi, anakagua kila basi!"

"Hujamtuma mtu mwingine?"

"Nimtume nani? Usiondoke hapo!"

Mzee alipogeuka, jamaa alikuwa ameyeyuka. Mkata tiketi akamfungulia mlango wa ofisi, akamsogezea kiti. "Keti, baba. Huyo mpwa akija nitamhoji mimi kwanza."

Na kweli alimhoji, jina la mama yake na kazi yake, mpaka mzee mwenyewe akasema, "Mwachie, ndiye. Pua hiyo ni ya ukoo wetu."

Jioni dada alimpapasa uso kwa vidole vyake vya sindano, akamwambia amekonda.

"Daktari anasema jicho la pili ni mwezi ujao," alisema. "Utakuja na nani?"

"Nitakuja," akajibu Mzee Hamira, akainama kuvua viatu.