Michoro Tuliyochoma Jikoni

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alifariki, mama akaniambia shule imeisha, nikaingia kuchuna majani ya chai kwenye shamba la mzungu na kikapu kikubwa kuliko mimi. Darasa la tatu sikumaliza. Kuandika nilijifunza kwenye vibao vya maduka. Nilikuwa nasimama kando ya barabara pale Litein, naiga herufi kwa kijiti kwenye vumbi, hadi siku mwenye hoteli mmoja aliponipa kopo la rangi nyekundu nimwandikie "Chai na Mandazi". Tangu hapo hakuna aliyenilisha. Kutoka Kapsoit hadi Ndanai, ukiona ng'ombe amechorwa vizuri kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo, huyo ni wangu.

Kazi hii ina sheria zake. Unapaka uzi chaki, unaukaza ukutani, unauvuta kidogo na kuuachilia, unakuachia mstari ulionyooka wa kukalisha herufi. Ukimaliza, mstari unaufuta kwa kitambaa chenye maji. Mteja akiona chaki, atasema ulibahatisha. Na zile karatasi za kujaribia unachoma, kwa sababu ukizitupa mwenzako ataziokota, na kesho ng'ombe wako atakuwa anauza dawa upande wa pili wa barabara.

Katika wajukuu wangu, ni msichana mmoja tu aliyeipenda kazi hii. Huniita Kugo, yaani babu. Nilimfundisha uzi, nikamfundisha kufuta, nikamfundisha kuchoma. Akapata nafasi chuoni kusomea sanaa na ubunifu, nami nikasema sasa kuna mtu wa kwetu atakayechora akiwa na cheti.

Huko chuoni wana programu ya kompyuta. Unaiandikia unachotaka, inakuchorea kabla chai haijapoa. Wanafundishwa kuitumia na si kosa, mradi useme umeitumia. Lakini kazi ya mwisho wa mwaka ilitakiwa iwe ya mkono mtupu: picha ya kuwekwa kwenye pakiti ya majani ya chai. Alikuja nyumbani likizo, akachora mikono ya nyanya yake ikichuna. Vile vidole vilivyoingia weusi wa utomvu nilivijua kabla sijaona pete. Alipomaliza alifuta mistari yote, akakusanya karatasi za kujaribia, akazitia jikoni chini ya sufuria ya ugali. Nilikuwa nimekaa hapo. Nilimsifu.

Baadaye alinipigia simu akilia. Walimu walisema mchoro umetoka kwa mashine, eti ni safi kupita kiasi. Wenzake kadhaa walikuwa wamenaswa wakidanganya, kwa hivyo kila mmoja aliambiwa alete michoro ya mwanzo, ionekane alianzaje, alikosea wapi, akarekebisha vipi. Yeye hakuwa na hata kipande. Asipoonyesha, anarudia mwaka.

Nilivaa koti nikaenda. Askari wa lango aliniuliza kama nimekuja kujiandikisha mwaka wa kwanza. Nikamwambia nimekuja kufundisha. Mwalimu wake, mwanamke kijana mwenye adabu, alinipa kiti na chai. Nikamweleza yote: uzi, kitambaa, moto. Nikasema mimi ni shahidi. Akanijibu kwa upole kwamba mimi ni babu yake. Basi nikamwambia amwite mtoto, ampe penseli achore hapo hapo.

Alichora. Mwalimu akauchukua mchoro huo mpya, akausogeza kwenye mwanga.

"Mzee, kuchora anajua, hilo naliona," akasema. "Lakini naulizwa juu ya ule mchoro, siyo huu. Nikienda mbele ya kamati nitawaonyesha nini? Majivu?"

Mimi nimebishana na machifu, na wenye malori, na watu wa kaunti waliokuja kufuta ukuta wangu. Siku hiyo nilimaliza chai yao nikainuka. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu hakunitukana.

Mwaka alirudia. Sasa kazi zake nyingi anazifanya kwa ile programu, kwa sababu yenyewe inahifadhi kila hatua, na mwalimu akiuliza anafungua tu. Alipokuja kututembelea alinionyesha kwenye simu mama anayechuna chai, amechorwa na mashine. Nilivaa miwani nitafute kosa. Sikupata.

"Na hii, nani atasema ni yako?" nikamuuliza.

"Kugo, hii hakuna anayeuliza."

Alisema bila hasira, huku akinimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Nikapokea kikombe, nikamrudishia simu yake.

Leo nina ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wawili wa maziwa, nyumba ya matofali yenye maji ndani, ngazi mbili, na brashi zangu kwenye kopo. Mchoro wa mikono ya mke wangu chuo kilirudisha. Uko ukutani, juu ya redio. Uzi wa chaki uko pia, umeviringishwa kwenye kijiti, na sijui nimpe nani.